Mutu wa Kurudi

Asubuhi ile kwenye bariyeri ndogo ya mpaka wa nchi mbili, pale Gisenyi inapoishia na Goma inapoanzia, watu walikuwa wamebanana kama siku zote: wanawake wa nyanya, wanawake wa maziwa, wanaume wenye kuku waliofungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini, wanafunzi wakikinga viatu vyao na matope. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imeacha. Katikati yao alikuwa Uwimpuhwe, na beseni la sambaza kichwani. Sambaza ni wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Mitumbwi ya Rubona ilikuwa imewaleta kabla ya jua kutoka, na bado walikuwa wanang'aa. Alivaa kitenge cha kijani chenye maua ya njano, amekifunga juu ya sketi ya zamani ili sketi isinuke samaki, na kandambili za plastiki. Kandambili ya kushoto ndiyo iliyomponza. Iliteleza, beseni likainama, na karibu nusu ya sambaza wakamiminika mapajani mwa mwanaume aliyekuwa ameketi pembeni yake juu ya baiskeli kubwa ya magurudumu matatu.

Baiskeli hizo kila mtu wa bariyeri anazijua. Wenye kuziendesha ni watu ambao miguu yao haitembei. Wanazungusha pedali kwa mikono, mizigo ya wafanyabiashara imepangwa nyuma yao mpaka juu, na mwanaume mmoja au wawili wanasukuma. Huyu aliitwa Phocas, mtu wa Mbugangari. Miguu yake ilikauka kwa ugonjwa tangu utotoni, lakini mabega yake yalikuwa mapana, na siku hiyo alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, maana alikuwa mtu wa kupenda kuvaa vizuri hata akibeba vitunguu.

Alitazama sambaza mapajani. Akamtazama Uwimpuhwe.

"Dada, hii chakula umenipikia, ama umenitupia?"

"Ayiwe! Pardon, kaka! Pardon sana!"

"Usilie kwanza. Hakuna hata moja imegusa chini, zote zimekuja kwangu. Niyonzima, shika beseni."

Niyonzima ndiye aliyekuwa akimsukuma Phocas miaka yote, mwanaume mrefu mwenye mdomo usiopumzika. Alishika beseni, wakaanza kuokota sambaza mmoja mmoja kutoka kwenye suruali ya rafiki yake.

"Phocas, leo umeoga na samaki," akasema. "Kesho hata paka za Goma zitakuwa zinakuita mume wangu."

Watu walicheka. Uwimpuhwe naye alicheka, huku machozi bado yako machoni, na Phocas akaona kwamba ana mwanya kati ya meno ya mbele. Akamwambia weka beseni lako juu ya vitunguu, kichwa chako kipumzike. Wakavuka pamoja.

Jioni, bariyeri ilipokaribia kufungwa, Uwimpuhwe alitoka Goma na beseni tupu kwapani. Phocas alikuwa upande wa Gisenyi, chini ya ukuta, shati limefuliwa na kukaukia mwilini.

"Umerudi?" akamwuliza.

"Nimerudi. Kwani ningelala wapi?"

Kesho yake akamwuliza tena. Na kesho kutwa. Ikawa ndiyo salamu yao. Akichelewa kidogo, Phocas haondoki, hata kama Niyonzima analia njaa. Wakawa wanapigiana simu pia, Uwimpuhwe akiwa anaanika kitenge uani kwa shangazi yake huko Rubona, upepo wa ziwa ukiingia kwenye simu.

"We iko unafanya nini, sheri, mupenzi yangu?" Phocas anauliza.

"Naosha beseni."

"Kila saa beseni. Mi nitakuwa na wivu na hiyo beseni."

"Hiyo beseni njo ilituoza."

"Hatujaoana bado."

"Nani alichelewa? Mi ama we?"

Hapo Phocas alikuwa anacheka na kubadilisha maneno. Kwao, mwanaume hajiendei mwenyewe kusema anataka binti wa watu. Wazee wake wanatangulia kwenda *gufata irembo*, kushika lango: wanakuja na kinywaji, wanaketi, wanaomba njia, na wa upande wa binti wanawachokoza kwanza kabla ya kuwapa. Kabla ya siku hiyo binti hana mtu. Hata mtaa mzima uwe unajua, yeye hasemi, na akiulizwa anakana. Mzee wa Phocas alikuwa baba yake mdogo Ildephonse, mkulima wa Mudende huko juu kwenye baridi, na mzee Ildephonse kila akiulizwa alijibu kwamba atakuja baada ya viazi. Viazi vikavunwa, vikapandwa vingine. Phocas hakusukuma sana. Moyoni alikuwa akiogopa mlango wa shangazi, jinsi watakavyomtazama akiingizwa.

Basi ndiyo ikaja habari ya Keza. Keza alikuwa mdogo wake Uwimpuhwe, tumbo moja. Mama yao alikufa wakiwa wadogo, wakalelewa na shangazi Mukakalisa, lakini aliyembeba Keza mgongoni, aliyemsuka nywele za shule, alikuwa Uwimpuhwe. Keza aliolewa na dereva wa malori makubwa, akamfuata Bulaya, yaani Ulaya. Sasa alikuwa na mimba ya kwanza, mumewe yuko barabarani wiki nzima, na kila Jumapili alipiga simu yenye picha na kulia.

"Yaya, dada yangu mukubwa, nani atanipikia uji? Nani ataosha mutoto? Hapa wanakutoa hospitali kama wanakutoa kwenye basi."

"Nitakuja, mwana wa mama. Mwezi mmoja tu. Nitakuosha, nitakunywesha uji wetu wa igikoma mpaka maziwa yajae, halafu nirudi kwa sambaza zangu."

Hicho ndicho Uwimpuhwe alichotaka, wala hakutaka zaidi: kuwa na mdogo wake siku ya kuzaa, halafu arudi. Akaomba viza ya muda mfupi. Keza alituma mwaliko, Uwimpuhwe akapanda basi mpaka ubalozini Kigali na karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki, na ndani yake akatia kadi yake ya bariyeri, ile ya wafanyabiashara wadogo wanaovuka na kurudi siku hiyo hiyo. Alivaa gauni la misa, la rangi ya udongo, na viatu vya kufungwa alivyoazima kwa jirani, vikambana vidole njia nzima.

Jibu lilikuja baada ya kungoja sana. Lilikuwa hapana.

Siku hiyo alimkuta Phocas na Niyonzima wanakula mandazi kando ya barabara, wakingoja mzigo. Akaketi juu ya gunia, akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya.

"Wamenikatalia," akasema. "Wanasema hakuna kitu inaonyesha kama nitarudi."

"We?" Niyonzima akashangaa. "We mutu wa kurudi kila siku?"

"Njo vile wameandika. Sina bwana, sina mutoto, sina nyumba, hakuna kitu inanifunga huku."

Phocas alikuwa ameshika mkono wake. "Na hawakukuuliza kama iko na mutu?"

"Waliniuliza! Yule mama wa dirishani alikuwa na sauti ya polepole, kama muuguzi. Akaniuliza, una mchumba? Nikasema hapana. Akarudia, hakuna mtu kabisa? Nikasema, mama, mimi sina mutu."

Alisimulia hivyo kwa moyo mweupe, kama mtoto anayesimulia kwamba alisalimia wakubwa vizuri. Niyonzima aliacha kutafuna. Phocas aliachia mkono wake polepole, akajifuta sukari ya mandazi kwenye vidole, kidole baada ya kidole.

"Bon," akasema. "Mizigo imefika. Niyonzima, sukuma."

"Haijafika," alisema Niyonzima.

"Sukuma."

Jioni ile Uwimpuhwe alitoka Goma, akatazama chini ya ukuta. Hakukuwa na mtu. Alingoja mpaka askari wakaanza kuburuta vizuizi. Simu ya Phocas iliita, ikaita, haikupokewa.

Keza naye hakulikubali lile jibu la viza. Alitafuta wakili huko huko, mwanamke mmoja aliyezoea kesi za wageni, na huyo akasema kukataliwa si mwisho: kuna mahakama inayosikiliza malalamiko ya namna hiyo, lakini rufaa ina siku zake, zikipita hakuna wa kukusikiliza. Akamwuliza Uwimpuhwe kwa simu, Keza akitafsiri katikati, asubuhi yako inaanzaje na jioni yako inaishaje. Uwimpuhwe akamweleza habari ya bariyeri. Wakili akauliza:

"Hiyo kadi ulitia ndani? Uliwapa siku ile?"

"Niliwapa."

"Na kwenye jibu lao hawakuigusa hata kwa neno moja. Nitaandika hivi: mama huyu anatoka katika nchi yake kila asubuhi na anarudi kila jioni. Waseme ni kwa nini hawakuliona hilo."

Keza alifurahi mpaka akapiga makofi. Uwimpuhwe hakupiga. Wakati ule alikuwa akimfikiria mtu mwingine aliyemwona akirudi kila jioni na sasa hapokei simu.

Jumapili baada ya misa alikaanga sambaza, akaweka pilipili na kipande cha limau, akafunika bakuli kwa kitambaa, akaenda Mbugangari. Phocas alikuwa mlangoni kwake, anatia mafuta kwenye mnyororo wa baiskeli. Siku hiyo alivaa singleti tu, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi.

"Nimekuletea chakula."

"Asante. Weka pale."

"Phocas, umekasirika juu ya nini? Juu ya safari?"

"Nani amekasirika? Mutu asiyekuwa mutu wako anakasirikaje?"

Uwimpuhwe alisimama na bakuli lake. Hakuelewa, kisha akaelewa nusu tu. Wasiwasi ukamfanya aseme haraka haraka, na akasema vibaya.

"Kama ni ile ya dirishani, inaweza kutengenezwa. Wazee wako wakikuja sasa kushika irembo, mi nitamwambia avoka, ule wakili wa Keza, kwamba niko na mchumba. Anaweza kuongeza kwenye kesi."

Phocas aliweka kopo la mafuta chini.

"Aa. Donc sasa mi ni karatasi."

"Sikusema vile!"

"Kigali ulikuwa na aibu ya kusema uko na mutu wa baiskeli. Sasa avoka anataka mutu, mutu amepatikana. Enda, Uwimpuhwe. Bulaya kuko wanaume na miguu yao yote miwili."

"Nani hapa ametaja miguu? Kuna siku hata moja nilitaja miguu?"

"Haukutaja. Njo shida. Ulinyamaza."

Alimwachia bakuli mlangoni, akaondoka bila kugeuka. Sambaza waliliwa na Niyonzima, ambaye alisema ni watamu lakini mtu anakula kama yuko matangani.

Sasa ikawa hivi. Asubuhi wanavuka kwa kupishana. Akimwona mbele, Phocas anajipanga foleni nyuma. Uwimpuhwe naye alianza kupita na wanawake wa maziwa, mtandio umefunika nusu ya uso, ila kitenge cha kijani kilikuwa kinamtangaza hata mbali. Niyonzima alisema amechoka kusukuma watu wawili, mmoja juu ya baiskeli na mwingine moyoni mwa yule wa juu.

Shangazi Mukakalisa alikuwa mwanamke mnene, wa maneno machache, muuza samaki tangu ujana wake. Alimwona mpwa wake anaosha beseni mara mbili. Siku ya tatu ya kuona hivyo alimwuliza, na Uwimpuhwe akamwambia yote. Shangazi aliinuka. Alijifunga kitenge chake kikubwa cha sherehe, chenye tausi wa bluu, akavuka barabara, akapanda gari la mjini.

Alimkuta Phocas sokoni, katikati ya magunia ya unga.

"Wewe ndiye Phocas?"

"Ndiyo, mama." Alivua kofia.

"Mimi ndiye nililea Uwimpuhwe. Nina swali moja. Wazee wako walikuja kwangu siku gani? Labda nilikuwa nimelala."

Phocas alitazama kofia yake.

"Nakuuliza, mwanangu. Nani alikuja, aliketi kiti gani, alikunywa nini?"

"Hakuna mutu alikuja, mama."

"Hakuna. Sasa mtoto wangu anasimama mbele ya mtu mgeni, anaulizwa ana mchumba. Ulitaka aseme ndiyo? Ajioze mwenyewe kwenye dirisha la Kigali? Nimlee mimi, halafu watu waseme amejitangaza kabla lango halijashikwa? Alisema hapana kwa sababu ana adabu. Na hiyo hapana ni yako. Wewe njo uliiweka kwenye mdomo wake, wewe na viazi vya baba yako mdogo."

Niyonzima, nyuma ya magunia, alisema polepole, "Amen."

"Na habari ya miguu," shangazi akaendelea, "mimi nimekuwa nikikuona tangu mwaka ile ya mafuriko. Ungekuwa na aibu ya kuletwa kwangu, ungeniambia. Ningekuja mimi. Si njo hivi nimekuja?"

Akaaga, akanunua unga kidogo kwa kuwa alikuwa ameshafika sokoni, akarudi Rubona.

Jioni ile Phocas alishika simu, akaiweka chini, akaishika tena. Kabla hajapiga ikaita yenyewe.

"Ni mi," akasema Uwimpuhwe. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyejifunza maneno yake. "Sikupigi juu ya kugombana. Nataka tu ujue kitu. Nimeongea na avoka. Nilimwuliza ile ya mchumba."

"Eh."

"Amesema haisaidii. Mahakama inatazama tu zile vitu walikuwa nazo mkononi siku ile ya kunikatalia. Kitu chochote cha nyuma ya ile siku hawakiangalii. Hata nikiolewa kesho, hata nikizaa mapacha. Donc usilete wazee juu ya kesi. Njo hiyo tu."

Upepo wa ziwa uliingia kwenye simu.

"Haisaidii kitu?"

"Haisaidii."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Phocas, nimeshakuambia."

"Bon," akasema Phocas. "Basi tunakuja Jumamosi."

Uwimpuhwe alikaa chini palepale uani, juu ya beseni lililopinduliwa.

"We ni mujinga," akasema.

"Kabisa. Ule Uwimpuhwe wa kunisamehe iko karibu hapo?"

"Ametoka kidogo. Nitamwambia."

"Umwambie nilimungoja jioni nyingi sana moyoni, lakini mwili ulikuwa na kiburi."

"Huyo mwili aje na shati ile nyeupe."

Jumamosi mzee Ildephonse alishuka kutoka Mudende na koti zito la sufu, ingawa kando ya ziwa kulikuwa na joto, na gunia la viazi begani mwa mwanaume aliyefuatana naye. Kulikuwa na kreti za bia na fanta, na dumu la pombe ya ndizi. Njia ya kwa Mukakalisa inapanda, na Niyonzima alisukuma akiwa na tai shingoni, ya kuazima, iliyomfikia kitovuni. Walipofika ikaonekana baiskeli ni pana kuliko mlango wa ua.

Phocas alitazama ule mlango. Ndicho kitu alichokuwa akikiota na kukiogopa.

Mzee Juvénal, jirani, ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wa binti. Alitoka na fimbo, akaizunguka baiskeli ya bwana harusi mtarajiwa kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Hawa wageni wanataka nini kwenye lango letu?"

"Tunaomba njia," akasema mzee Ildephonse.

"Njia ni ndogo. Nyinyi ni wapana."

"Sisi ni wapana kwa sababu tumebeba mapenzi ya miaka miwili," akasema Niyonzima, na wanawake wakapiga vigelegele kabla ya wakati wake.

Mtu mmoja akasema Phocas abebwe. Shangazi Mukakalisa akatoka jikoni, akifuta mikono.

"Habebwi mutu hapa. Ondoeni mlango."

Wakatafuta nyundo. Mlango ukang'olewa kwenye bawaba zake, na mti mmoja wa ua ukang'olewa nao, na Phocas akaingia akizungusha pedali mwenyewe, shati jeupe, kofia mapajani. Mzee Juvénal akasema amesikia habari nyingi za watu kushika lango, lakini ndiyo mara yake ya kwanza kuona wanaoliondoa. Walikunywa, wakachokozana, wakaulizana ukoo mpaka kwa mababu. Uwimpuhwe alikuwa chumbani, kama inavyotakiwa, amevaa gauni la rangi ya udongo, anachungulia kwenye pazia.

Walipofika kwenye tarehe ya harusi, mzee Ildephonse alikohoa.

"Sisi tunaona iwe baada ya viazi."

"Baba mdogo," akasema Phocas, "itakuwa kabla ya viazi."

Wazee wakakubali. Kesi ilikuwa bado inaenda huko mbali, na mwendo wake ulikuwa wa polepole. Tumbo la Keza halikungoja majaji. Alijifungua mtoto wa kike asubuhi moja, mumewe yuko mpakani mwa nchi nyingine na lori lake. Uwimpuhwe alikuwa Goma, beseni limejaa, akashikilia simu mbele ya uso wake katikati ya soko.

"Yaya, amekuja. Mudogo hivi. Sijui kumushika."

"Shika shingo. Hapo. Sasa muweke kifuani. Uji umekunywa?"

"Hakuna unga wa mtama hapa. Nilipika ile nafaka yao ya asubuhi, ile ya maziwa."

"Ongeza maji, uikoroge sana. Usiwe na uvivu wa kukoroga."

"Ungekuwa hapa."

"Niko hapa. Koroga."

Wateja walipita, wengine wakachukua sambaza kwa mkopo kwa sababu muuzaji alikuwa anaimba kibembelezo kwa simu.

Mtoto alishaanza kukaa mwenyewe wakati mahakama ilipojibu. Keza alisoma, na wakili akamweleza, na Keza akampigia dada yake.

"Wanasema hivi, yaya. Safari ilikuwa ya kusaidia kwenye kuzaa. Mutoto ameshazaliwa, tarehe zimepita, hakuna tena kitu cha kuamua."

"Donc nimeshinda ama nimeshindwa?"

"Hata avoka hana neno lake. Imekwisha tu."

"Na ile ya kwamba narudi kila jioni? Walisema nini?"

"Hawakufika pale. Walisimamia kwenye tarehe."

Uwimpuhwe alifikiri kidogo. Aliona ni vibaya zaidi kuliko kama wangesema hapana. Walikuwa wamengoja mpaka swali likafa lenyewe. Jioni alimwambia Phocas, chini ya ukuta, na Phocas hakutafuta maneno matamu. Alichukua beseni lake, akalifunga nyuma ya baiskeli.

"Unaweza kuomba upya," akasema. "Mi niko sasa. Waandike Phocas, mutu wa Mbugangari."

"Nitaomba siku nyingine. Sasa nimechoka na madirisha."

Kwa hiyo aliyekuja ni Keza. Alikuja kwa harusi, ambayo viazi viliipita kwa kuwa ilisogezwa kumngoja yeye, na mtoto mgongoni, koti refu na raba nyeupe ambazo siku ya kwanza zilipata rangi ya Rubona. Dada wawili walishikana kwenye kituo cha gari mpaka dereva akawaambia njia ni ya watu wote.

"Kuingia hapa walikuuliza maswali?" Uwimpuhwe akamwuliza.

"Hata moja. Walisema tu karibu nyumbani."

"Hawakukuuliza kama utarudi kule?"

Keza alitikisa kichwa. Macho yake yalijaa, akayafuta kwa mkono wa koti.

Asubuhi walikwenda kwenye maji moto ya Rubona, yale yanayochemka yenyewe ardhini karibu na ziwa, na Uwimpuhwe alimwosha mtoto. Alichota, akachanganya na maji ya ziwa mpaka joto likawa sawa kwenye kiwiko chake, akamlaza juu ya mapaja na kumnyoosha mikono na miguu, akambana pua, akampaka mafuta. Mtoto alikuwa mkubwa kwa kuosha namna ile, alipigapiga maji na kucheka. Halafu akamwosha Keza mgongo, ingawa siku zake za uzazi zilikuwa zimepita kitambo. Akampikia igikoma cha mtama, kikombe kikubwa, na Keza akakinywa chote akiwa amekaa juu ya jiwe.

Harusi ilikuwa nzuri. Bibi harusi alivaa mshanana, vazi la sherehe, wa rangi ya dhahabu, umefungwa begani, na shanga nyeupe. Bwana harusi alivaa koti la kijivu, na Niyonzima alikuwa ameipamba baiskeli kwa utepe na vitunguu viwili, akisema vitunguu ndivyo vilivyobeba beseni siku ya kwanza. Wiki ya mwisho ya likizo Keza alirudi kwa mumewe. Uwimpuhwe alimsindikiza mpaka kwenye basi, akampa sambaza wakavu kwenye mfuko.

"Utarudi?" akamwuliza.

"Nitarudi, yaya," Keza akasema. Wote wawili walijua kwamba kwa Keza neno hilo lilikuwa limeanza kumaanisha pande mbili.

Jumatatu Uwimpuhwe alivaa kitenge cha kijani, akaweka beseni kichwani, akavuka. Sambaza walikuwa wengi, bei haikuwa nzuri, mvua ilinyesha Goma na kuacha. Jioni alitoka kwenye bariyeri na wenzake. Phocas alikuwa chini ya ukuta, anafunga magunia. Alimwona, akasogeza gunia moja ili apate mahali pa kuweka beseni, akaendelea kufunga kamba.

Uwimpuhwe alisimama mbele yake.

"Leo hauulizi?"

"Niulize nini?"

"Kama nimerudi."

"Najua kama unarudi," akasema Phocas. "Mi si ubalozi."

Niyonzima alicheka. Uwimpuhwe hakuondoka mahali pake, beseni bado liko mikononi.

"Uliza tu, bwana wangu. Mi napenda kujibu."

Phocas akaacha kamba. Akamtazama, kuanzia kandambili zenye matope mpaka kwenye mwanya wa meno.

"Umerudi?"

"Nimerudi," akasema Uwimpuhwe. Akaweka beseni juu ya magunia, akaenda nyuma ya baiskeli kando ya Niyonzima, na wakasukuma kupanda Mbugangari.